Kahawa Iliyoning'inia Nyuma ya Foko

Nilinuswa mikono mbele ya wanawake wenzangu, saa nne asubuhi, siku ya Jumanne. Aliyeninusa yupo hai na namwona kila siku. Naanza hapo kwa sababu hata nikisali naanzia hapo. Wengine huanza na shukrani. Mimi namweleza Mungu kwanza habari za yule mtu, nikishamaliza ndipo nashukuru.

Nilikuwa mchambuaji wa kahawa kwenye ghala moja kando ya barabara iendayo Murongo. Unakaa kwenye benchi refu, kahawa imemwagwa mezani mbele yako, unatoa nyeusi, zilizotobolewa na wadudu, vijiti na vijiwe. Tulikuwa wanawake kumi na wanane. Siku hiyo mzigo mzima ulikuwa umerudishwa na mnunuzi, amesema kahawa inanuka mafuta. Msimamizi wa ghala akatuambia tusimame mstari mmoja tunyooshe mikono. Akapita ananusa mmoja mmoja, kama mtu anayechagua samaki sokoni.

Alipofika kwangu akasimama. Akanusa mkono wa kulia, akanusa wa kushoto, akarudi wa kulia.

"Wewe mama, umeshika nini?"

"Nimetia mafuta ya taa jiko la mchina asubuhi. Kuni zililoa," nikasema. Kudanganya sikuweza, na mpaka leo sijuti kwamba sikudanganya.

"Mmesikia wenyewe!" akawageukia wenzangu. "Mama Kanisa huyu. Kila siku anatuhubiria hapa, kumbe mkono wake ndio unaotia kahawa ya watu mafuta ya taa. Eti mama, na huko mbinguni wanapikia jiko la mchina?"

Wako waliocheka. Nawajua, walikuwa watatu.

"Nenda ukanawe," akasema. "Ukishatakata, baki hukohuko."

Nikavua aproni, nikaikunja vizuri, nikaiweka mezani. Sikulia. Nilitembea mpaka nyumbani mikono nimeitoa mbali na mwili kama si yangu.

Sasa niseme habari za foklifti, maana bila yenyewe haya hayaeleweki, na mimi sitaki kuionea mashine.

Zamani ghala lile lilikuwa na wabebaji. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Gunia linapanda begani, anapanda nalo ubao mpaka ndani ya lori, anashuka, anachukua lingine. Alifanya hivyo miaka kumi na mmoja. Siku moja mgongo ukakataa, akakaa chini palepale kwenye ubao, na tangu siku hiyo viatu vyake nafunga mimi. Foklifti ikaja mwaka uliofuata. Ilikuja imeshatumika, imepanda juu ya lori, ikavukia mpakani Murongo. Sisi tuliiita foko. Siku ya kwanza nilipoiona inaingiza vyuma vyake viwili chini ya chaga ya mbao iliyopangwa magunia na kuinyanyua yote juu, kitu ambacho wanaume wanane walikuwa wanakihangaikia mpaka jasho linawaingia machoni, nilienda nyuma ya choo nikalia. Kwa nini haikuja mapema?

Basi sifa zake nazijua. Ni ya dizeli. Umeme wetu ukikatika, na unakatika, yenyewe haina habari. Mafuta yakiisha, dereva anachukua kidumu anamimina, kabla hujamaliza kunywa uji iko kazini tena. Mvua ikinyesha na uwanja ukawa tope la kuzamisha kifundo cha mguu, toroli za mkono zinakwama zote, foko inapita tu inanguruma. Na ni ngumu. Dereva wake aliipenda, alikuwa anaipaka grisi kama mtu anayempaka mtoto mafuta baada ya kuoga.

Lakini ilikuwa inakojoa oili. Ilikuwa na kelele hata ukimwita jirani yako wa mezani lazima umguse. Na moshi. Stata yake ilikuwa imechoka. Ukiizima, kuiwasha tena mpaka dereva alale chini aigonge stata kwa spana, agonge, aombe, agonge. Kwa hiyo haikuzimwa. Ilikuwa inawashwa asubuhi, na isipobeba kitu inaegeshwa kwenye nguzo ya tatu, ndani, inanguruma peke yake mpaka jioni, bomba la moshi limeelekea magunia. Msimu wa mvua ndio balaa, maana milango ilikuwa inafungwa mvua isipige kahawa. Kwa hiyo tulikuwa mle ndani sisi, kahawa na ule moshi. Tulijifunga kanga puani. Nikipenga jioni leso inakuwa nyeusi kama nimetoka tanurini. Mwenzetu mmoja alitapika, akaambiwa ana mimba.

Nilimwendea msimamizi. Nilikwenda kwa adabu, nikamwamkia shikamoo ingawa kwa umri tunalingana, nikamwambia, "Baba, moshi huu unatuumiza. Na kahawa inavuta harufu. Mama yangu kule Rugu alikuwa haweki hata kitunguu chumba kimoja na kahawa."

Akacheka. "Moshi huo ndio maendeleo, mama. Nyumbani kwako si unapikia kuni? Mbona huko hufi? Funga pua, fungua macho, chambua."

Kwa hiyo alijua. Hicho ndicho kinachonikaa kooni. Angekuwa hajui ningesema ni ujinga, na ujinga nimeuishi mwenyewe miaka mingi. Alijua, na mzigo uliporudi akatafuta mkono wa kuubebesha, akauona wangu.

Kazi ilikwisha Jumanne. Nilichokiogopa kilikuja Jumapili.

Kwa wasiotoka huku, niwaeleze. Kwetu mgeni anapewa kahawa ya kutafuna. Inachumwa kabla haijaiva sana, inachemshwa na majani yanayonukia, inaanikwa mpaka inakauka, na inatafunwa na ganda lake. Anayekupa anatafuna yeye kwanza, ili uone ni salama. Akishatafuna ananyoosha kikapu kwa mikono miwili, na wewe unachukua. Hata kama umeshiba, hata kama huipendi, unachukua moja. Kuikataa ni kumwambia mtu mbele za watu kwamba unauogopa mkono wake.

Umoja wetu wa wanawake kanisani hukaa baada ya ibada, na zamu ya kikapu ilikuwa yangu. Nikatafuna. Nikanyoosha. Wa kwanza akasema jino linamuuma. Wa pili akasema amefunga. Wa tatu alikuwa mmoja wa wale waliocheka ghalani, akanusa kwanza, halafu akapitisha. Kikapu kilizunguka benchi zote kikanirudia kimejaa.

Nilikaa nacho mapajani. Mwenyekiti wetu akaanza kuongea habari za kufagia kanisa, na mimi nilikuwa nasikia sauti tu.

Mchungaji alinifuata nje. "Mama, msamehe. Mwachie Mungu."

"Nitamsamehe, Mchungaji," nikamwambia. "Lakini nimalize kwanza."

"Umalize nini?"

"Mungu anajua."

Akatikisa kichwa, akaondoka. Ni mtu mwema. Ila Maandiko yana sehemu kali ambazo yeye huzipita haraka akisoma. Mimi huzisoma polepole.

Mimi shule niliishia darasa la saba. Nikiwa na miaka arobaini na mmoja nilianza masomo ya jioni, mara tatu kwa wiki, kwenye darasa la shule ya msingi, tumejikunja kwenye madawati ya watoto. Kiingereza kilikuwa kinanitesa, kwa hiyo nilijizoeza kunakili maandishi yoyote ya Kiingereza ninayoyaona: kwenye mifuko ya mbolea, kwenye dawa za ng'ombe, kwenye milango ya malori. Jioni naenda nayo darasani. Wiki ile, nikiwa sina pa kwenda asubuhi, nikalifungua daftari ili nisikae bure. Nikakuta ukurasa nilionakili ubavuni mwa foko, kwenye kibati cha manjano chenye alama ya hatari. Nilikuwa nimenakili nikasahau.

Nikampelekea mwalimu wetu, mzee mstaafu asiyependa haraka. Akavaa miwani, akasoma, akanusa kama anayesikia moshi mwenyewe.

"Wanasema injini hii isiachwe inawaka ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake ni sumu. Kama ni ndani, kuwe na hewa ya kutosha, na ikisimama izimwe. Umeitoa wapi?"

Nikamweleza yote, mpaka kunuswa. Hakunipa pole. Akauliza tu, "Na kahawa inavuta harufu, una hakika?"

"Mama yangu alisema."

"Mama yako hayupo kwenye mtihani. Ukitaka watu wakuamini, chukua kitu kimoja, kigawe mara mbili, kila kitu kilingane isipokuwa kile kimoja unachokishuku. Halafu usiwaambie jibu. Waache walione wenyewe."

Usiku huo nililala vizuri kuliko siku zote za mwezi ule.

Nikachuma kahawa kwenye mibuni ya nyuma ya nyumba yangu. Nikaichemsha sufuria moja, kwa kuni, jiko la mchina nimelifungia kwa jirani. Nikaianika mkeka mmoja, jua moja. Ilipokauka nikaigawa kwenye vifuko viwili vya kitambaa kilekile cheupe, nimevishona mwenyewe. Kimoja nikakitundika chumbani kwangu, juu ya kitanda, mbali na jiko. Cha pili nikampelekea rafiki yangu aliyekuwa bado anachambua. Yeye ni mjane, wazazi wake walitoka Burundi, na siku ile ya mikono yeye peke yake ndiye aliyenisindikiza mpaka getini.

"Kitundike kwenye msumari wa nguzo ya tatu," nikamwambia. "Nyuma ya foko. Wakikuuliza sema ni chakula chako."

Akakipima mkononi. "Mama, mimi nikifukuzwa nakuja kula kwako. Na wanangu wote wanne. Na mbuzi."

"Njoo na mbuzi kwanza."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Akakitundika Jumatatu. Kikakaa pale wiki tatu, mvua ikinyesha, milango imefungwa, foko inakipumulia. Kila jioni nilikuwa napita kwake nauliza kama kipo. Ananijibu, "Kipo, kimeanza kupata rangi ya msimamizi."

Wiki ya tatu akaniletea habari kwamba mwenye ghala anakuja Alhamisi pamoja na yule mnunuzi aliyerudisha mzigo. Wafanyakazi wote wataitwa, na msimamizi atawaeleza jinsi alivyomaliza tatizo. Tatizo lenyewe ni mimi.

Alhamisi nilioga mara mbili. Nikavaa gauni langu la ushirika, lile la kanisani, na kilemba. Mume wangu alikuwa amelala chali, akaniuliza naenda wapi nimependeza hivyo.

"Naenda kukaribisha wageni."

Akanijua. "Usipige mtu," akasema.

"Sipigi."

Rafiki yangu alinipokea upande wa nyuma, akanipa kifuko. Kilikuwa bado cheupe kidogo kwenye mshono, sehemu nyingine kijivu. Nikaviweka vyote viwili kwenye kikapu, kila kimoja upande wake, nikaingia kwa mlango wa mbele. Mlinzi hakunizuia. Nani anazuia mama aliyebeba kahawa ya wageni?

Walikuwa wamesimama katikati ya ghala, mwenye ghala, ambaye ni mzee mwenye ndevu nyeupe, mnunuzi, na msimamizi ananyoosha mikono huku na huku anaeleza. Wanawake wote walikuwa wamesimama kando ya meza. Foko ilikuwa kwenye nguzo yake, inanguruma.

Nikapiga magoti. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama. Oo, tumeletewa kahawa!"

Msimamizi akapiga hatua kunijia. Akanitazama mimi, akamtazama mzee, akarudi nyuma. Afanye nini? Mimi niko magotini, kikapu kiko mikononi. Yeye ni mtu wa hukuhuku, mama yake anatoka Kituntu, kalelewa kwa kahawa hiyohiyo.

Nikaanza na kifuko cha nyumbani. Nikatafuna, nikanyoosha. Mzee akachukua, mnunuzi akachukua, msimamizi akachukua kwa vidole viwili. Wakatafuna.

"Hii ni nzuri," mzee akasema. "Inanikumbusha mbali."

"Ahsante, Mzee. Ipo na ya pili. Ilichemshwa sufuria moja na hiyo."

Nikafungua kifuko cha nguzo ya tatu. Nikaweka mbili mdomoni, sikuweka moja. Naomba mnielewe: ilikuwa kama kulamba kidumu cha dizeli. Ilinishika ulimi, ikanipanda puani, macho yakataka kutoa machozi nikayakatalia. Nikatafuna, nikameza, nikanyoosha kikapu kwa mikono miwili.

Mzee akatafuna mara mbili, akageuka, akatema kwenye leso. Mnunuzi hakutema. Alifumba macho, akaendelea kutafuna polepole, kazi yake ni kuonja, akasema, "Ndiyo hii. Harufu niliyorudishia mzigo ndiyo hii."

Msimamizi alikuwa ameshika yake mkononi.

"Tafuna, Baba," nikamwambia. "Mimi nimeshatafuna."

Watu wote walikuwa wanamwangalia. Akaiweka mdomoni. Sijawahi kufurahia kumwona mtu anakula kama nilivyomfurahia yule. Akatafuna mara moja, shingo ikamvimba.

"Ameipaka mafuta mwenyewe huyu!" akapayuka. "Ni kisasi! Si nilimfukuza kwa mafuta ya taa?"

"Kisasi ni kweli," nikasema, "mafuta ni uongo. Kahawa hii imekaa wiki tatu kwenye msumari ule, nyuma ya foko. Magunia yenu yako palepale. Nuseni."

Mnunuzi hakungoja kuambiwa mara ya pili. Akachomoa kahawa kwenye gunia la karibu na bomba la moshi, akanusa. Akaenda mpaka magunia ya mwisho kabisa karibu na mlango, akachomoa, akanusa. Akarudi la kwanza. Akamwambia mzee, "Ya hapa inanuka, ya mlangoni hainuki."

Mzee akamwita dereva. "Kwa nini hii haizimwi?"

"Stata, Mzee. Nilisema tangu mvua za kwanza. Msimamizi akasema ikizimwa kazi inalala, tuiache tu."

"Mama, ulimwambia habari za moshi huu?"

"Nilimwambia. Aliniambia nifunge pua, nifungue macho, nichambue."

Kule mezani mtu akashtuka, "Mawe!", kwetu ni kama kusema mama yangu, na sauti ile ilikuwa ya mmoja wa wale watatu waliocheka.

Mzee akaniambia niinuke, akaniambia pole, akaniambia kesho nirudi kazini. Ningeweza kuishia hapo. Mkristo mwingine angeishia hapo.

"Mzee, nina ombi moja," nikasema. "Siku ile mimi nilinuswa mikono mbele ya hawa. Naomba na yeye anuswe."

Mzee akazishika ndevu zake. Nadhani alitaka kucheka, nadhani alitaka pia kukataa. Halafu akamwambia, "Nyoosha mikono."

Akainyoosha. Nikasogea, nikanusa wa kulia, nikanusa wa kushoto, nikarudi wa kulia, vilevile kama alivyofanya yeye. Sikuharakisha.

"Inanuka nini, mama?" rafiki yangu akaropoka kule nyuma.

"Sabuni ya kunukia," nikajibu kwa sauti. "Hainuki kazi yoyote."

Wakacheka wote, na safari hii sikuwahesabu.

Foko ipo mpaka leo. Mzee alifikiria kuleta ya betri, isiyo na moshi, akatuuliza hata sisi wachambuaji. Nilimwambia ukweli: kwa umeme wetu huu, siku ya mzigo mkubwa itakuwa imelala, na kwenye tope la Aprili sijui kama itapita. Hii ya dizeli ni mnyama wa nje, na nje ndiko ilikowekwa. Stata ilibadilishwa. Sasa inaleta magunia mpaka mlangoni tu, inazimwa, na kutoka mlangoni tunayaingiza kwa toroli ya mkono. Kazi imekuwa ndefu kidogo. Lakini leso yangu ni nyeupe. Ingekuwepo vilevile, nje vilevile, wakati mume wangu bado ana mgongo mzima, ningeiombea kama mtu wa familia.

Msimamizi hakufukuzwa. Alitolewa ndani, akapewa kazi ya uwanjani kuongoza malori na foko. Anasimama nyuma ya bomba la moshi kutwa nzima, kitambaa puani.

Kanisani kikapu changu kinarudi kitupu. Mchungaji aliniuliza kama nimemaliza. Nikamwambia bado kidogo.

Maana kila asubuhi, kabla sijaingia kuchambua, napita uwanjani. Natoa kahawa ya kutafuna, ile safi, ya juu ya kitanda changu. Natafuna kwanza. Halafu namnyooshea kwa mikono miwili, mbele ya dereva na watu wa malori, namwambia karibu, Baba. Hawezi kukataa. Anaisogeza puani kwanza, ananusa kwa muda mrefu, na mimi nasimama palepale nangoja mpaka ameze.